Mradi Unapoyumba: Soma Dalili Kabla ya Kugusa Ratiba

Mradi ukianza kuchelewa, jambo la kwanza ambalo ofisi nyingi hufanya ni kuomba muda zaidi. Miezi mitatu inaongezwa, barua inapigwa mhuri, na baada ya miezi mitatu ombi lile lile linarudi mezani. Muda ni dawa ya ugonjwa mmoja tu kati ya manne, na kwa bahati mbaya si ule unaoua miradi mingi. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili, yaani kile unachokiona ukiwa saiti au ukisoma ripoti, kisha unashuka hadi chanzo. Mifano ni ya maji, barabara na majengo nchini Uganda, ambako mvua, mwaka wa fedha, ardhi na siasa hukutana kwenye saiti moja.

Pima kwanza: hamjui nini hasa?

Orodhesha kila kilichochelewesha kazi katika miezi mitatu iliyopita, jambo moja kwa mstari. Kisha pambanua kila mstari ni wa aina gani.

Aina ya kwanza ni kazi inayofahamika ila muda wake hautulii. Kushindilia kilomita moja ya maramu huenda kukachukua siku sita wiki ikiwa kavu, na siku kumi na moja mvua ikinyesha kila jioni. Hapa akiba ya muda inasaidia kweli.

Aina ya pili ni tukio linalojulikana kwa jina, ambalo huenda likaja au lisije: uchaguzi, foleni ya malori mpakani, shilingi kushuka. Tiba yake ni njia ya pili iliyoandaliwa tayari, pamoja na alama inayosema lini mtahamia huko.

Aina ya tatu ni ukweli ambao uko tayari, ila nyinyi hamjaufahamu. Maji yaliyo chini ya mwamba hayaongezeki kwa sababu mmepewa miezi miwili. Kiwanja chenye wenyewe watatu leo kitakuwa na hao hao watatu Desemba. Tiba hapa ni jaribio la bei ndogo linalofanywa mapema.

Ya nne ni jambo ambalo hakuna aliyeliwaza. Hilo halina dawa mahususi. Linahitaji mradi uliokatwa vipande vinavyosimama vyenyewe, na watu waliopewa ruhusa ya kuamua bila kungoja barua.

Ukimaliza kupambanua, usishangae kukuta mistari mingi ni ya aina ya tatu iliyokuwa ikitibiwa kama ya kwanza. "Tumechelewa kwa sababu ya ardhi" haimaanishi kwamba ardhi ilichukua muda mrefu. Inamaanisha hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Dalili: ratiba inaandikwa upya kila wiki mbili, kazi haisogei

Chanzo cha kawaida ni ratiba yenye undani usiostahili. Mtu ameandika kwamba tarehe 14 mwezi wa kumi na moja mafundi watapaka rangi chumba namba sita, wakati msingi bado haujachimbwa. Kila badiliko dogo la leo linavunja tarehe mia tatu za mbele, na mpangaji anageuka kuwa karani wa kurekebisha tarehe.

Punguza undani kadiri unavyoenda mbali. Wiki sita zijazo ziandike kazi kwa kazi, siku kwa siku. Miezi mitatu inayofuata iandike kwa mafungu: "kuta za jengo la kwanza", "mtaro wa bomba hadi tangi". Baada ya hapo weka vituo vikubwa tu, kila kimoja na mwezi wake. Kila Ijumaa sogeza dirisha hilo la wiki sita mbele kwa wiki moja.

Kazi isiingie kwenye ahadi ya wiki ijayo kabla ya kujibiwa maswali sita: michoro ipo? vifaa vimefika saiti (si "viko njiani")? watu wapo? mashine ipo na mafuta yake? ruhusa imetolewa? kazi iliyotangulia imekamilika? Jibu moja likiwa hapana, kazi inabaki nje na jina la mtu wa kuondoa kikwazo hicho linaandikwa pembeni. Mwisho wa wiki hesabu ahadi zilizotimia. Mkiahidi kazi 20 na kumaliza 11, mmefikia asilimia 55. Namba hiyo peke yake haina maana sana, ila sababu za zile tisa zilizoshindikana zina maana. Zikusanye wiki sita mfululizo, ndipo utajua kama mnasumbuliwa na mvua au na stoo.

Dalili: kila kazi ina akiba yake, lakini mradi mzima bado unachelewa

Hapa kuna makosa mawili ya hesabu, na yote mawili yanafichwa na ratiba iliyochorwa vizuri.

La kwanza ni akiba iliyotawanywa. Tuseme kazi fulani ikienda vizuri kabisa inachukua siku 10, kwa kawaida 16, ikiharibika 40. Makadirio ya namba tatu yanakokotolewa hivi: 10, jumlisha 16 mara nne, jumlisha 40, gawanya kwa 6. Jibu ni siku 19. Mtawanyiko wake, yaani kadiri muda unavyoweza kuyumba, ni tofauti ya 40 na 10 ikigawanywa kwa 6, yaani siku 5. Kazi nne za namna hiyo zikifuatana, jumla ni siku 76. Mtawanyiko wa jumla ni 10 tu, kwa kuwa hujumlishwa kwa kipeo cha pili (5 mara 5 ni 25, mara kazi nne ni 100, na 100 ni 10 mara 10): moja ikichelewa, nyingine huenda ikawahi. Akiba moja ya siku 20 mwishoni mwa mfuatano inakupa siku 96 zenye usalama mkubwa. Kila msimamizi akijiwekea akiba yake mwenyewe, mtapanga siku 120 au zaidi, na zote zitaliwa, maana kazi hupanuka hadi kujaza muda iliopewa.

Onyo: hesabu hiyo inafaa pale ambapo sababu za kuchelewa hazihusiani. Mvua ya Aprili haicheleweshi kazi moja na kuiacha nyingine. Kama adui ni mmoja kwa kazi zote nne, mtawanyiko unajumlishwa moja kwa moja na akiba lazima iwe kubwa zaidi.

Kosa la pili liko kwenye makutano. Kazi tatu zinatakiwa zikamilike ndipo ya nne ianze, na kila moja ina uwezekano wa asilimia 80 wa kuwahi. Ofisini watu husikia "asilimia 80". Ukweli ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8, yaani asilimia 51. Zikiwa tano ni asilimia 33. Kwa hiyo akiba iwekwe kwenye makutano yenyewe, na kabla ya hapo tazama kama kuna mguu mmoja unaoweza kukatwa kabisa. Jengo la zahanati linaweza kuanza kufanya kazi bila uzio. Haliwezi kuanza bila choo.

Dalili: ripoti imesema "asilimia 90" kwa miezi minne

Asilimia hiyo haikupimwa, ilikisiwa. Mkandarasi ameangalia kuta na paa akaona jengo limesimama. Kilichobaki ni umeme kuunganishwa, maji kupimwa, milango iliyoagizwa, ukaguzi na makabidhiano, na karibu vyote viko mikononi mwa watu wasio chini yake.

Vunja kazi iliyobaki iwe vipande visivyozidi wiki mbili, kisha kila kipande kihesabiwe sifuri au mia, bila cha katikati. Kwa kazi ndefu yenye kurudiarudia, kama kulaza bomba, gawa alama kwa hatua: mtaro 30, bomba kulazwa 30, kupimwa shinikizo 25, kufukia na kurudisha uso wa ardhi 15. Kilomita nne zilizolazwa bila kupimwa ni asilimia 60, hata kama mtaro umeshafukiwa. Na kama umefukiwa kabla ya kupimwa, jiandae kuufukua: viungo vinatakiwa vibaki wazi hadi bomba lishikilie shinikizo la majaribio, ambalo kwa kawaida ni mara moja na nusu ya shinikizo la kazi.

Kisha linganisha kazi na pesa. Mradi wa shilingi milioni 800 ulitakiwa ufike nusu leo. Kazi iliyokamilika kweli ni asilimia 40, thamani yake milioni 320. Zilizotumika ni milioni 400. Gawanya 320 kwa 400, unapata 0.8: kila shilingi inazaa senti 80 za kazi. Hali ikiendelea hivyo, mradi utamalizika kwa 800 gawanya 0.8, yaani bilioni moja kamili. Hesabu hii huchukua dakika tano na huonyesha pengo la milioni 200 wakati bado mna uwezo wa kupunguza mawanda, yaani wigo wa kazi. Mkisubiri hadi asilimia 85, kilichobaki cha kupunguza ni rangi na miti ya kivuli.

Dalili: fedha zipo Julai, kazi inashika kasi Machi, Juni kila mtu anakimbia

Hii watu huiita uzembe. Mara nyingi ni kalenda tu, na inaweza kutabirika kwa kidole.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, kilichoidhinishwa na Bunge kikibaki bila kutumika siku hiyo hurudi Mfuko Mkuu. Zabuni ya wazi, kuanzia tangazo, tathmini, kamati ya mikataba hadi sahihi, huchukua miezi mitatu hadi minne bila mtu yeyote kukosea. Basi mkataba unasainiwa Oktoba au Novemba. Kusini na katikati, kuanzia Kampala hadi Masaka na Mbarara, hapo ni mvua za Septemba hadi Novemba. Mkandarasi anafika saiti Desemba, wiki mbili baadaye vibarua wanaenda nyumbani kwa Krismasi. Kazi ya udongo inabaki na Januari na Februari, wiki nane, kabla ya mvua za Machi hadi Mei. Juni ni ya hati za malipo.

Kwa hiyo muda wa kazi ya udongo katika mwaka huo wa miezi 12 ni wiki nane. Ukipanga miezi sita, umeshachelewa kabla ya kusaini.

Tiba ni kurudisha nyuma kila kisichohitaji pesa ya mwaka mpya. Michoro, makadirio, nyaraka za zabuni, makubaliano ya ardhi na maombi ya NEMA (mamlaka ya mazingira) vikamilike kati ya Februari na Juni ya mwaka uliotangulia. Lengo ni mkandarasi wa kazi za udongo awe saiti kabla ya Desemba, na kazi za chini ya paa ndizo zisukumwe Machi. Kaskazini kalenda ni nyingine: Gulu, Lira na Kitgum mvua huanza karibu Aprili na kwenda hadi Oktoba, kisha kuna kiangazi kirefu. Ratiba iliyonakiliwa kutoka Masaka kwenda Kitgum inapoteza miezi mizuri kabisa ya kufanya kazi. Kosa hilo hufanyika mara nyingi kuliko mtu angedhani.

Dalili: pampu na paneli zimenunuliwa, kisima hakina maji ya kutosha

Huu ndio mfano safi wa kutibu aina ya tatu kwa dawa ya kwanza. Inafaa kuufuata kwa namba.

Mji mdogo una watu 4,000, kila mmoja lita 25 kwa siku. Hiyo ni lita 100,000, yaani mita za ujazo 100. Pampu ya sola inafanya kazi kwa nguvu kamili saa sita hivi kwa siku, kwa hiyo kisima lazima kitoe karibu mita za ujazo 17 kwa saa. Ukiwa na umeme wa gridi na kusukuma saa 16, inatosha kisima cha 6.3 kwa saa. Sasa kisima kimechimbwa na kimetoa 7. Kwa gridi mradi mzima unawezekana. Kwa sola pekee unapata mita za ujazo 42, za watu 1,680. Namba moja imeamua aina ya nishati, ukubwa wa tangi, kipenyo cha bomba na idadi ya vijiji, nayo ilikuwa chini ya ardhi muda wote ikisubiri kuulizwa.

Mpangilio unaofaa ni huu. Uchunguzi wa eneo kwa kupima ukinzani wa umeme wa ardhi, ukiwa na sehemu tatu zilizopangwa kwa ubora. Kuchimba kwa mkataba wake mwenyewe, tofauti na wa mtandao wa mabomba, na bei ya kisima kikavu iandikwe wazi ili mchimbaji asilazimike kuficha. Jaribio la kusukuma maji mfululizo kwa saa 24 hadi 72, kisha kupima maji yanavyorudi. Maabara ipime pH, chuma na floridi. Maji yenye pH iliyo chini ya 6.5 hula mabomba ya mabati, na wananchi wataanza kulalamikia maji mekundu. Baada ya hapo tu ndipo pampu iagizwe. Kama unaweza kuchagua, pima mwishoni mwa kiangazi. Kisima kilichopimwa Mei husifiwa kupita kiasi.

Kanuni hiyo hiyo inatumika kwenye programu za kompyuta. Kabla ya kununua leseni za hospitali kumi, weka mfumo kwenye zahanati moja yenye intaneti mbovu kuliko zote kwa wiki tatu. Ukianza na hospitali kubwa ya mjini utapata jibu zuri la swali ambalo hukuwa nalo.

Dalili: trekta limezuiwa na watu waliosimama mbele yake

Ardhi ya Uganda ina umiliki wa mailo, wa kudumu, wa kukodi na wa kimila. Eneo moja la mailo huko Buganda linaweza kuwa na mwenye hati, mwenye kibanja anayelima juu yake, na mpangaji wa mwenye kibanja. Mradi uliolipa wa kwanza na kumsahau wa pili umeandika tarehe ya mgogoro wake. Katiba, ibara ya 26, inataka fidia ya haki na ya kutosha ilipwe kabla ya mali kuchukuliwa, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka ridhaa ya mwenzi kwa ardhi ya familia. Sahihi ya mume peke yake haitoshi, hata kama amekuja na mwenyekiti.

Tembea mstari wote wa bomba au barabara kwa miguu, mkiwa na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), mpima na mtu mmoja anayejulikana kama mzee wa mipaka. Kwa kila kipande andika majina ya wenye haki zote, mimea na majengo yaliyopo, picha na tarehe. Tangazeni tarehe ya mwisho ya kuhesabu, la sivyo migomba mipya itaota usiku. Kisha tia rangi ramani: kijani ni wamelipwa na kusaini, njano wanajadiliana, nyekundu kuna kesi. Mkandarasi apewe vipande vya kijani vilivyoungana peke yake. Kumpa vipande vilivyorukana ni kumlipia mashine zisizofanya kazi, na atadai kwa haki.

Dalili: kila robo mwaka kuna "dharura", na ripoti inasema haikutarajiwa

Toa orodha ya dharura hizo na uitazame kwa kalenda. Januari 2008 vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya zilikata mafuta ya Uganda. Februari 2016 kutuma pesa kwa simu kulizimwa wakati wa uchaguzi, na Januari 2021 ikawa intaneti yenyewe. Januari 2022 madereva wa malori waligoma kwenye mipaka ya Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya UVIKO. Oktoba 2022 Mubende na Kassanda zilifungwa kwa Ebola. Mei 2023 maji ya mto Katonga yaliharibu daraja la barabara ya Kampala kwenda Masaka, na magari yakazungukia Mpigi, Kanoni na Sembabule. Hakuna aliyejua tarehe kamili ya mgomo au ya mafuriko. Lakini tarehe ya uchaguzi hutangazwa, na kwamba mizigo mingi hupita mlango mmoja mtu yeyote wa usafirishaji anajua. Mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme, iliyokuwa ikisambaza umeme nchini, ulioanza 2005 ulikoma Machi 2025 na UEDCL, kampuni ya serikali, ikachukua usambazaji. Miradi iliyokuwa na maombi ya umeme njiani ilikuwa na miaka 20 ya kujiandaa kwa mwezi huo.

Kwa kila tukio la namna hii andika mambo matatu: alama ya kuanzia, hatua, na mwenye kuamua. Mfano: "Foleni ya Malaba ikizidi siku nne, mzigo wa valvu na transfoma unaofuata unaenda Dar es Salaam na kuingia Mutukula, anaamua ofisa ugavi, hahitaji kikao." Wiki mbili kabla ya uchaguzi, mishahara ya vibarua itolewe benki kwa fedha taslimu na ripoti ziwe na nakala ya karatasi. Vifaa vinavyotoka ng'ambo vyenye muda mrefu wa kusubiri viagizwe siku mkataba unaposainiwa, na katika mkataba bei yake ya dola itenganishwe na kazi ya shilingi, ili shilingi ikishuka isibishaniwe hesabu nzima.

Kuna dhana nyingine ambayo mwenye kuishikilia si nyinyi. Reli ya kisasa ya Malaba hadi Kampala ilipangwa kwa kutegemea kwamba reli ya Kenya ingefika mpakani. Mwaka 2019 ile ya Kenya iliishia upande wa Naivasha. Mkataba wa kwanza wa Uganda ulivunjwa Januari 2023, na mpya wa kilomita 272 ukasainiwa na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi Oktoba 2024. Vivyo hivyo bomba la mafuta ghafi: mazungumzo ya kupitia Kenya yaliachwa 2016 na njia ikawa Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443. Daftari la dhana lazima liwe na safu ya "nani anashikilia jibu" na "tutamuuliza lini tena". Dhana isiyo na tarehe ya kuulizwa tena ni matumaini yaliyopigwa chapa.

Dalili: maombi ya mabadiliko yamerundikana mezani

Hesabu. Maombi yaliyofunguliwa ni 36, kamati inaamua sita kwa wiki. Ombi jipya litangoja wiki sita, na katika wiki hizo sita fundi atafanya anavyoona, ndipo mtakapokuwa na mabadiliko mawili badala ya moja.

Rundo halipungui kwa vikao virefu. Linapungua kwa vizingiti. Mhandisi wa saiti aamue mwenyewe kila kisichozidi kiasi fulani na kisichogusa kituo kikubwa chochote, aandike mstari mmoja kwenye daftari siku hiyo hiyo. Meneja aamue daraja la kati ndani ya siku tatu. Kamati ipelekewe tu yale yanayobadilisha bei ya mkataba, mawanda au tarehe ya kukabidhi, maana hayo taratibu za PPDA (mamlaka ya ununuzi wa umma) haziruhusu kuyapitisha kwa maneno. Na diwani akitaka bomba lifike kijiji kimoja zaidi, asijibiwe ndiyo wala hapana. Ajibiwe kwa karatasi yenye mita, shilingi, siku, na jina la kijiji kitakachochelewa. Maombi mengi huishia hapo kwa amani.

Dalili: watu wameongezwa, kazi imezidi kuchelewa

Timu ya watu watano ina njia 10 za kuwasiliana. Ya watu tisa ina 36. Wapya wanafundishwa na wale wale waliokuwa wanafanya kazi. Kuongeza watu kunafaa kwenye kazi inayogawanyika, kama kuchimba mtaro, si kwenye usanifu wala kuunganisha mifumo. Huko toa mzigo, usiongeze mikono.

Dalili: fedha zimesimama katikati

Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, miradi ya Uganda iligawanyika pande mbili. Kuna iliyokuwa na kitu kinachofanya kazi, na kuna iliyokuwa na mitaro wazi. Tofauti hiyo huwekwa siku ya kupanga. Mradi wa mabomba ukijengwa kwa tabaka, yaani chanzo chote, kisha matangi yote, kisha mabomba yote, kisha vituo vyote, hauna faida hata tone hadi siku ya mwisho. Ukijengwa kwa vipande, yaani kisima kimoja, tangi moja na vituo vinne vya kuchotea, kisha kipande kinachofuata, kila hatua inaacha watu wakinywa maji. Gharama ya kuhamisha mashine mara mbili zaidi ipo. Ihesabiwe kama bima.

Barua ya kusimamisha ikishafika, saa 72 za kwanza zina kazi zake, na mpangilio wake una sababu. Pimeni kazi iliyofanyika pamoja na mkandarasi na msaini wote siku hiyo, kwa sababu baada ya mwezi kila upande utakuwa na kumbukumbu yake. Walipeni vibarua kwanza. Wao ndio wanaolala karibu na vifaa. Fukieni mitaro iliyopimwa, wekeni uzio na ubao kwenye ile isiyopimwa, na mfunike ncha za mabomba, kwa kuwa chura mmoja na mchanga wa mvua moja hutosha kuziba valvu. Nondo zilizochomoza zipakwe saruji nyepesi zisishike kutu. Mlinzi apewe orodha ya vifaa iliyosainiwa na LC1. Mwisho, mtu mmoja aandike ukurasa mmoja: wapi tumefika, kipi kinavuja, funguo ziko kwa nani. Atakayefungua saiti tena huenda asiwe nyinyi.